KUSEMA KWELI NA KUBAINISHA: SWALI JUU YA GARI LENYE KILOMITA CHACHE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baad.



Ijumaa hii tunazungumza juu ya swali la biashara ambalo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna dini ya mtu. Swali ni hili: mtu akiuza kitu, na kila neno alilolisema juu ya kitu hicho likawa ni la kweli, je, amekwishatoka katika dhima mbele ya Allah? Au yawezekana mtu asitamke uongo hata mmoja, na bado akawa amemdanganya ndugu yake?

Tumechagua mfano wa gari kwa sababu mji wetu wa Bunagana unaishi kwa mpaka. Magari yanatujia kutoka upande wa Kisoro, mengi yao yameshushwa melini Mombasa au Dar es Salaam. Yakivuka tu kizuizi, yanaacha kushoto mwa barabara na kushika kulia, hali usukani wake umebaki kule kule ulikotengenezwa. Kutoka hapa yanaendelea Rutshuru na Goma. Na mnunuzi wetu akilisogelea gari, baada ya rangi na matairi, huinama dirishani kutazama mita ya kilomita, ile tunayoiita compteur. Namba ikiwa ndogo, uso wake unafunguka na mkono wake unakwenda mfukoni. Kwa hiyo namba ile ni shahidi. Na shahidi anaweza kusema kweli, anaweza kusema uongo, na anaweza pia kunyamaza pale anapotakiwa aseme.

MFANO KUTOKA MBALI

Ili tuone jambo hili wazi, tuanze na nchi ambayo biashara hii imefika mwisho wake. Marekani katika miaka ya 1980 yalitengenezwa magari ya milango miwili yenye nguvu nyingi, kwa ajili ya watu wapendao mbio. Mojawapo ni Buick GNX la mwaka 1987, gari jeusi lenye injini ya silinda sita na turbo. Yalitengenezwa 547 tu. Kuna watu walionunua magari ya namna hii wasiyaendeshe. Waliyafungia ndani wakijua kuwa yatapanda thamani. Leo gari kama hilo likiwekwa sokoni, muuzaji hutaja mambo mawili kabla ya yote: limetunzwa vizuri, na limetembea maili chache. Kwa namba hiyo ya maili bei huruka juu kabisa. Chuma ni kile kile na kiwanda ni kile kile. Kinachouzwa zaidi ni ile namba, na nyuma ya namba hiyo lipo neno la muuzaji.

Sasa tazameni mtego. Magari mengi ya Marekani ya zama zile yalikuwa na mita yenye nafasi tano tu za tarakimu. Ikifika 99,999 inarudi kwenye sufuri na kuanza upya. Basi gari linaloonyesha 12,000 huenda limetembea maili 12,000, na huenda limetembea 112,000. Muuzaji hakushika bisibisi wala hakuigusa mita. Ananyoosha kidole tu na kusema, tazama mwenyewe. Ulimi wake haukusema uongo. Lakini mnunuzi ameondoka na picha ambayo muuzaji anajua kuwa si kweli, na amelipa pesa kwa ajili ya picha hiyo.

Watunga sheria wa nchi ile waliliona hilo. Mwaka 1972 waliweka sheria ya kukataza kurudisha mita nyuma, na mwaka 1986 wakaikaza. Muuzaji anatakiwa aandike na kutia sahihi moja kati ya mambo matatu: kwamba namba ni ya kweli, au kwamba mita imekwishapita kikomo chake na kuanza upya, au kwamba namba si ya kutegemewa. Pamoja na sheria hiyo, idara yao ya usalama barabarani ilikadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka kwa namba za uongo, na hasara ya wanunuzi inapita dola bilioni moja. Hiyo ni nchi yenye kompyuta, mahakama na polisi katika kila mji.

Na kuna jambo jingine la kuzingatia. Kwa muda mrefu sheria ile iliyasamehe magari yaliyozidi umri wa miaka 10. Kuanzia mwaka 2021 muda ukaongezwa hadi miaka 20, lakini kwa magari ya mwaka 2011 na kuendelea tu. Maana yake ni kuwa gari la mwaka 1987, ambalo bei yake yote imesimama juu ya namba, ndilo ambalo mwenyewe halazimiki tena kuandika fomu ile. Hapo karatasi za watu zimenyamaza. Je, na dhamiri inyamaze?

HATA NAMBA YA KWELI YAWEZA KUDANGANYA

Tuongeze hatua moja. Tuchukulie namba ni sahihi kabisa: gari la miaka mingi, na limetembea kidogo sana. Je, muuzaji akisema kilomita ni chache, basi amemaliza?

Muulizeni fundi yeyote wa garaji. Gari lililokaa bila kutembea lina maradhi yake. Mipira ya kuzuia oili hukauka na kupasuka. Mafuta yaliyobaki katika tangi huharibika na kuziba njia zake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na vyuma vya ndani vikashika kutu. Tairi ambalo meno yake bado ni marefu laweza kuwa limekufa kwa uzee; ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, na wachache wetu wanajua kuzisoma. Basi mtu anaweza kuuza gari lenye namba ya kweli, huku anajua kuwa breki zake hazitamaliza mteremko wa kwanza. Amesema kweli. Lakini hakubainisha.

Vivyo hivyo gari lililotoka Marekani linahesabu maili, si kilomita. Namba 60,000 katika mita ya namna hiyo ni zaidi ya kilomita 96,000. Muuzaji anayejua hilo, kisha akamwacha mnunuzi ahesabu kwa kilomita, hakuongeza neno hata moja la uongo. Ameutumia ujinga wa ndugu yake kama mtaji.

MTUME (S.A.W.) ALITAJA MAMBO MAWILI

Ndugu zangu, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam (R.A.), Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na wakabainisha, watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na wakasema uongo, baraka ya biashara hiyo itafutwa.

Angalieni kwa makini. Hakutaja sharti moja bali mawili: kusema kweli, na kubainisha. Na upande wa pili akataja makosa mawili: kuficha, na kusema uongo. Lau kama kusema kweli kungetosha, kubainisha kusingetajwa. Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Kusema kweli ni haki ya maneno uliyoyatoa. Kubainisha ni haki ya maneno uliyoyazuia. Na mizani ya Siku ya Kiyama itapima yote mawili.

Tena Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni Madina na kutia mkono katika lundo la chakula, akakuta umajimaji chini yake, muuzaji alitoa udhuru kuwa ni mvua. Mvua ilikuwa ya kweli. Mtume hakumkadhibisha. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi si pamoja naye. Kosa halikuwa mvua. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu.

Ipo Hadithi nyingine inayofanana mno na mita ya gari. Mtume (S.A.W.) alikataza kufunga chuchu za ngamia na mbuzi siku kadhaa bila kukamua, ili mnunuzi aone kiwele kimejaa na kudhani mnyama ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama huyo amepewa hiari baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Na jamhuri ya wanavyuoni, akiwemo Imam Shafii (R.A.), wameifuata hukumu hiyo. Mwenye mbuzi yule hakutamka chochote. Kiwele ndicho kilichosema uongo kwa niaba yake. Leo mtu anachomeka waya na kompyuta ndogo chini ya usukani, na kwa dakika chache kilomita 280,000 zinakuwa 90,000. Kiwele kimekuwa mita, lakini hukumu ni ile ile.

NYUDHURU TUNAZOZISIKIA

Sasa tutazame maneno wanayojitetea nayo watu wetu, na tuyapime moja moja.

(a) "Mimi nililinunua hivyo hivyo, si mimi niliyerudisha mita." Ikiwa hukujua, Allah hakukalifishi usichokijua. Lakini ikiwa umejua, au mpira wa pedali umelika mpaka chuma huku mita inasema kilomita 40,000, basi umekwishajua. Dhuluma uliyofanyiwa wewe si ruhusa ya kumfanyia mwingine. Waliokudhulumu una haki ya kuwafuata, lakini si kwa kuchukua haki yako kwenye mfuko wa mtu wa tatu asiyehusika.

(b) "Mnunuzi ana macho, na anaweza kuleta fundi wake." Ni kweli, na ni busara alete fundi. Lakini Shariah haikuuweka mzigo wa aibu iliyofichika juu ya asiyeijua ikamwachia huru anayeijua. Kama uzembe wa mnunuzi ungehalalisha kuficha, basi mwizi naye angehalalishiwa mali ya mtu aliyesahau kufunga mlango.

(c) "Namwambia mapema: nauza kama lilivyo, sitaki mashtaka baadaye." Neno hili ni la zamani. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kesi ya Abdullah bin Umar (R.A.), aliyeuza mtumwa, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile, kwa sharti la kujivua na aibu zote. Mnunuzi akadai kuwa palikuwa na ugonjwa. Sayyidna Uthman (R.A.) alimtaka Ibn Umar ale kiapo kuwa wakati wa kuuza hakujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akakubali kurudishiwa. Basi tunaona kuwa maneno "kama lilivyo" hayamalizi kesi. Kadhi alikwenda kwenye moyo: ulijua, au hukujua? Kwa hiyo kila anayeuza kwa maneno hayo ajiulize kwanza kama yuko tayari kuapa kwa Jina la Allah kwamba hana alijualo.

(d) "Kila mtu anafanya hivyo, nikisema ukweli mimi peke yangu, nitalala njaa." Udhuru huu tusiudharau, maana wanaoutoa wana watoto. Muuzaji mkweli hupata hasara ya leo ambayo kila mtu anaiona, na baraka asiyoiona mtu. Tusimfiche: huenda gari lake likakaa mwezi mzima huku la jirani yake limeuzwa kwa siku tatu. Lakini afikirie pesa ile inaponunua unga, na unga unapoingia tumboni mwa mtoto, na mikono inapoinuliwa kuomba dua. Na afikirie pia soko. Soko ambalo hakuna anayeaminika, hata gari zuri haliuziki kwa bei yake, kwa sababu mnunuzi hulipa kwa hofu. Wanaorudisha mita wamekwishamwibia hata yule mwenye mita ya kweli.

DALALI NA FUNDI

Wapo wanaodhani kuwa maneno haya ni ya mwenye gari peke yake. Sivyo. Imepokewa na Imam Ahmad kuwa Wathila bin al-Asqa' (R.A.) alimkimbilia mtu aliyekuwa ametoka kununua ngamia, akamuuliza kama amebainishiwa hali yake. Aliposikia kuwa anamtaka kwa safari ya Hija, akamfahamisha kuwa ukwato wake una tundu. Mwenye ngamia akakasirika kuwa anamharibia biashara. Wathila akamjibu kwa kutaja mafunzo aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): si halali kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa mwenye kujua kunyamaza.

Basi komisionere anayepokea asilimia yake, fundi aliyepewa soda ili aseme motere ni nzuri, na kijana aliyefanya kazi ya kompyuta chini ya usukani, wote wamo. Allah ametukataza katika Suratul Maida kusaidiana katika dhambi na uadui. Ujira wa kunyamaza nao ni ujira.

MNUNUZI NAYE ASIJISAHAU

Tumesema sana juu ya muuzaji, lakini kubainisha ni kwa wote wawili. Jarir bin Abdullah (R.A.), kama alivyopokea Tabarani, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akapandisha bei kidogo kidogo mpaka ikafika 800. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Ndugu zangu, hili linatugusa sisi wa Bunagana. Vita vilipoufikia mji wetu mwezi wa Juni 2022, maelfu walivuka kwenda Uganda, na kituo cha Nyakabande kule Kisoro kikajaa. Mtu anayekimbia na watoto huuza kwa bei ya machozi. Anayemkuta katika hali hiyo, akanunua gari au pikipiki yake kwa robo ya thamani huku anajua, asijisifu kuwa amefanya biashara nzuri. Kununua si haramu, na huenda pesa ile ndiyo iliyomvusha yule ndugu. Lakini bei ya haki inajulikana katika moyo wa mnunuzi, kama vile aibu ya gari inavyojulikana katika moyo wa muuzaji. Na mali iliyoachwa bila mwenyewe, kisha ikauzwa na mtu asiyekuwa na ruhusa, hiyo si rahisi wala si ya bahati. Hiyo ni mali ya mtu.

TUFANYE NINI?

Chukueni mfano. Zaidi anamuuzia Amri gari. Amri amekusanya pesa ya likelemba miaka miwili, pamoja na za dada yake mjane, ili gari lifanye teksi ya Rutshuru. Gari hilo halitambeba Amri peke yake. Litabeba mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi, na mzee anayekwenda hospitali. Tena tunajua sisi wenyewe jinsi watu tisa wanavyoingizwa penye nafasi ya watano. Aibu ya breki ikifichwa, haifichwi kwa Amri tu. Imefichwa kwa kila atakayepanda. Mtume (S.A.W.) aliikosoa nafaka iliyolowa mvua, nayo haikuua mtu. Je, breki?

Basi tunausia mambo haya machache:

1. Muuzaji aandike kwa mkono wake, mbele ya mashahidi wawili, anayoyajua juu ya gari: mita ni ya kweli au haijulikani, inahesabu kilomita au maili, gari limewahi kuanguka au la, limekaa muda gani bila kutembea. Allah katika Suratul Baqara ametuamrisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi tunapouziana. Kuandika na hali ya kitu ni katika mwendo huo huo.

2. Asiyejua aseme sijui. Neno hili halipunguzi heshima ya mtu.

3. Mnunuzi atazame pedali, usukani, kiti cha dereva na tarehe ya matairi kabla ya kuamini namba. Akague pia carte rose na jina lililomo. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huwa na karatasi za ukaguzi zilizoandikwa kilomita. Azidai, asione haya.

4. Aliyekwishauza kwa kuficha, na mnunuzi bado anajulikana, amwendee. Amweleze, amrudishie tofauti au wavunje biashara. Toba ya haki za watu haikamiliki kwa istighfari peke yake mpaka haki imfikie mwenyewe.

Mwisho, tujikumbushe kuwa kila mmoja wetu ana mita ambayo hairudishwi nyuma. Miaka iliyotembea imeandikwa na Malaika wawili, wala hakuna fundi wa kuibadili. Siku hiyo hatutaulizwa tu kama tuliyoyasema yalikuwa kweli. Tutaulizwa pia tulijua nini, na kwa nini tulinyamaza.

Twamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali na atutosheleze nayo, azitakase biashara zetu, awarejeshe kwa salama waliokimbia makwao, awarehemu waliokufa, na aujaalie mji wetu na nchi yetu amani. Amin, yaa Rabbal Aalamin.

Wabillahi tawfiq.

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Ina Majina Matukufu, usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako.)